Zavoisky, fundi wa radio aliyesikia shaba ikijibu

Wandugu wachimbaji, pamoja na mama na watoto munaosoma ukurasa huu nyumbani, shaba tunaijua. Hata sisi wa Kivu tunaofukua dhahabu, kasiteriti na koltani, tunajua shaba ya Katanga, waya zake, na zile nguzo za umeme zinazopita juu ya mashamba yetu. Safari hii ninaandika juu ya mtu ambaye hakuchimba shaba hata kilo moja, lakini ndiye alikuwa wa kwanza duniani kukiuliza kipande cha shaba swali kwa mawimbi ya radio na kupata jibu la kweli. Jina lake ni Yevgeny Konstantinovich Zavoisky. Wenye kusoma fizikia wanamjua popote. Kwetu huku Sange jina lake halisikiki, na mimi naona ni hasara, juu maisha yake yanafanana na ya watu wa kazi kuliko ya wakubwa.

Alizaliwa tarehe 28 septemba 1907 katika mji mdogo wa Mogilev-Podolsky, ambao leo uko Ukraine. Wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa munganga wa jeshi. Mwaka uliofuata familia ilihamia Kazan, mji ulio kwenye mto Volga, zaidi ya kilometa 700 mashariki ya Moscow. Kazan si kijiji, ina chuo kikuu tangu mwaka 1804. Lakini machoni pa watu wa Moscow ilikuwa mkoa tu, sawa vile watu wa Kinshasa wanavyotuona sisi wa ndani ya inchi. Musisahau neno hilo, litarudi mbele.

Zavoisky alikua katika miaka mibaya: vita kuu ya kwanza, mapinduzi ya 1917, vita ya wenyewe kwa wenyewe, kisha ile njaa kubwa ya Volga ya 1921 na 1922 iliyoua watu wengi sana. Wakati huohuo radio ilikuwa kitu kipya, na vijana wenye akili ya mikono walikuwa wakijijengea radio nyumbani kwa waya na lampi. Yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka 1926 aliingia chuo kikuu cha Kazan kusoma fizikia, akamaliza 1930, na hakutupa ile akili ya fundi radio. Wengine walisoma fizikia kwa chaki na ubao; yeye aliisoma kwa kushika chuma cha kulehemu.

Kazi yake yote ilisimama juu ya wazo moja, na ni rahisi kulielewa kwa mtu wa mugodi. Tunaijua grupe ya umeme inayowekwa juu ya shimo. Mtu akiwasha pompe ya maji kule chini, wewe uliye juu husikii pompe. Lakini unasikia grupe inabadilisha sauti, inakuwa nzito, juu kuna kitu kinakula nguvu yake. Zavoisky alifanya vilevile na radio. Alijenga radio ndogo yenye kutoa mawimbi, akaweka kitu anachotaka kupima ndani ya koili yake, kisha akaangalia mkondo mdogo sana wa umeme ndani ya lampi. Kitu kile kikila nguvu ya wimbi hata kidogo, radio inachoka kidogo, na sindano ya kipimo inasogea. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakitafuta jambo hilohilo kwa kupima joto: wimbi likiliwa, kitu kinapata moto. Muholanzi mmoja, Cornelis Gorter, mtu mkubwa wa laboratuari yenye vyombo vizuri, alijaribu mwaka 1936, akajaribu tena 1942, mara zote mbili akakosa. Njia ya yule fundi wa Kazan ilikuwa nyepesi zaidi na kali zaidi.

Sasa, alikuwa anatafuta nini? Kila elektroni ndani ya atomu ni kama sumaku ndogo inayozunguka mahali pake. Mara nyingi elektroni zinaungana mbili mbili, moja ikiangalia juu na nyingine chini, na sumaku zao zinamalizana. Lakini shaba iliyo ndani ya chumvi zake, kwa mfano yale mawe ya bluu yanayoyeyushwa na kupulizwa shambani juu ya ukungu wa mimea, inabaki na elektroni 27. Gawanya mbili mbili: unapata jozi 13, na moja inabaki bila mwenzake. Hiyo moja ndiyo yenye habari. Ukiiweka mbele ya sumaku kubwa, inaweza kusimama kwa kufuata sumaku ile au kwa kuipinga. Wimbi la radio lenye kipimo sawasawa linaweza kuigeuza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hapo elektroni inakula nguvu ya wimbi. Kipimo kikizidi au kikipungua, haigeuki. Ni kama kutafuta kituo kwenye radio: ukikosa namba unasikia upepo tu, ukiipata sauti inaingia.

Lakini Zavoisky hakuanza na elektroni. Alianza na kitu kigumu zaidi, kiini cha atomu, ambacho nacho ni sumaku, ila dhaifu mara mamia kuliko elektroni. Mwaka 1941 alifanya kazi hiyo pamoja na wenzake wawili, Semyon Altshuler, mtu wa hesabu za fizikia, na Boris Kozyrev, mtu wa kemia. Waliona ishara. Kesho yake haikuonekana. Siku nyingine ikarudi, kisha ikapotea tena. Sumaku yao ya zamani haikuwa na nguvu sawa kila pembe, na kwa kazi ya namna ile, sumaku isiyo sawa ni kama mizani iliyochezewa: jiwe lilelile linapata uzito tofauti kila mara. Wangepata sumaku nzuri, au wangepata miezi michache zaidi, ninaamini wangefika. Tarehe 22 juni 1941 jeshi la Ujerumani likavamia inchi yao, na kazi ikafa.

Yaliyofuata yanauma. Akademia ya Sayansi ya Moscow ilikimbia vita ikaja Kazan, na chuo kikuu kikapewa amri ya kuwaachia wageni nafasi. Laboratuari ya Zavoisky ilikuwa kati ya vyumba vilivyochukuliwa, na vyombo alivyojenga kwa mikono yake vikafunguliwa na kuondolewa. Altshuler akaenda vitani. Wale wakubwa waliokuja wakakaa mahali pake walikuwa watu wa sayansi kama yeye, tena wengine wenye jina kubwa. Hakuna aliyetaka kumtendea mabaya, ila hakuna aliyeuliza kile kibati chenye waya kwenye meza kilikuwa cha nini. Sisi wa mugodini tunajua jinsi shimo la mtu linavyochukuliwa kwa karatasi yenye muhuri, bila mtu kupandisha sauti.

Vita ilipoanza kugeuka na wageni kuanza kurudi kwao, Zavoisky alijenga tena. Chakula kilikuwa cha kadi, baridi ya Kazan inashuka chini ya zero kwa miezi, na hakuna aliyemtuma. Safari hii aliacha kiini cha atomu na kwenda kwenye elektroni, ambayo sumaku yake ni kubwa zaidi. Alichukua chumvi za shaba na za manganezi, kati yao kloridi ya shaba, vijiwe vya rangi ya kijani na bluu. Radio yake ilitoa mawimbi ya megahezi 133, yaani juu kidogo tu ya mahali ambapo FM inaishia kwenye radio tunayosikilizia habari. Sumaku aliipandisha polepole. Ilipofika oested 47.6, sindano ikasogea. Nguvu hiyo si kubwa, sumaku iliyo nyuma ya spika ya radio inaipita mbali. Akarudia, ikasogea palepale. Kesho yake, palepale. Elektroni ile isiyo na mwenzake ndani ya shaba ilikuwa imejibu, na ilikuwa ikijibu kila inapoulizwa.

Hiyo ilikuwa mwaka 1944. Serikali ya Kisovyeti baadaye iliandika tarehe 12 julai 1944 kuwa siku ya ugunduzi. Leo jambo hilo linaitwa mrindimo wa sumaku ya elektroni, na wataalamu wanalifupisha kwa herufi tatu, RPE kwa Kifaransa.

Akapeleka teze yake Moscow. Hapo ndipo neno la ndani ya inchi linarudi. Walimu wakubwa hawakuamini. Walijua kwamba Gorter, na vyombo vyake vyote, alikuwa amekosa; sasa mtu wa Kazan, katikati ya vita, na radio ya kujijengea, angewezaje kupata? Zavoisky hakubishana sana kwa maneno. Pyotr Kapitsa, mkubwa wa taasisi moja ya fizikia ya Moscow, alimfungulia mlango, akampa nafasi na vifaa. Kwa muda wa majuma machache Zavoisky alijenga mashini nyingine mbele ya macho yao, yenye mawimbi mafupi zaidi na sumaku yenye nguvu zaidi. Ishara ikatoka tena, safari hii wazi kuliko ile ya Kazan, na mashaka yakaisha. Januari 1945 alitetea teze yake katika Taasisi ya Lebedev ya Moscow na kuwa daktari wa sayansi. Mimi napenda sana kipande hiki cha maisha yake. Katika mikutano yetu ya sendika nimeona watu wengi wenye haki wakishindwa juu walikuja na hasira tu. Huyu alikuja na mashini.

Mwaka 1947 aliondoka Kazan kwa mwito wa Igor Kurchatov, kiongozi wa kazi ya bomu la atomu la Kisovyeti. Alipelekwa Sarov, mji wa siri ambao haukuonyeshwa kwenye karata, akakaa huko mpaka 1951. Kazi yake ilikuwa kupima kwa sumaku na umeme jinsi moshi wa mulipuko unavyokimbia katika nukta ndogo ya wakati. Bomu la kwanza la Kisovyeti lililipuka tarehe 29 agosti 1949, na mwaka huo alipewa zawadi ya Stalin. Sitaficha sehemu hii, na sisi Wakongomani hatuna haki ya kuisoma kama hadithi ya mbali. Bomu la Wamarekani lililoanzisha mashindano hayo lilitumia uraniumu iliyotoka kwa wingi Shinkolobwe, kwa mikono ya baba zetu wa Katanga ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Zavoisky angalau alijua.

Wakati yeye yuko nyuma ya ukuta wa Sarov, bila ruhusa ya kuandikiana na wageni, dunia ilikimbia na kitu chake. Kule Marekani, mwishoni mwa 1945 na mwanzo wa 1946, makundi mawili, la Edward Purcell na la Felix Bloch, walifaulu kwenye kiini cha atomu, yaani palepale Zavoisky alipokwama mwaka 1941. Walikuwa na sumaku nzuri na vyombo vilivyotoka kwenye kazi ya rada ya wakati wa vita. Mwaka 1952 walipewa zawadi ya Nobel, na kazi yao ndiyo baba wa IRM, ile mashini ya hospitali inayopiga picha ndani ya mwili bila kupasua. Walistahili, sina neno juu yao. Ila Zavoisky, aliyetangulia kwa upande wa elektroni, alipendekezwa kwa Nobel mara nyingi, miaka na miaka, na hakuipata hata siku moja. Kwao alipewa zawadi ya Lenin mwaka 1957 juu ya ugunduzi ule, na mwaka 1964 akawa memba kamili wa Akademia, ileile iliyomfungulia vyombo mwaka 1941.

Aliporudi Moscow hakukaa akilia juu ya Nobel. Alitengeneza kamera za kukamata mwanga unaopita kwa nukta ndogo kabisa ya wakati, kisha akaingia katika kazi ya kupasha moto plazma, yaani gesi iliyo moto mpaka atomu zake zinapasuka, kwa matumaini ya kupata nguvu kama ya jua. Mwanzo wa miaka ya 1970 aliacha kazi. Alikufa Moscow tarehe 9 oktoba 1976, umri wake miaka 69. Mwaka uliofuata, 1977, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mrindimo wa sumaku kikampa zawadi yake. Mwenyewe alikuwa kaburini.

Na ile shaba? Historia yake haikuisha na yeye. Mwanzo wa miaka ya 1950 kundi la Gorter kule Leiden, yule yule aliyekosa mara mbili, lilichukua kloridi ya shaba, chumvi ileile ya Zavoisky, likaiingiza ndani ya heliumu ya maji maji, baridi ya digrii 269 chini ya zero. Hapo shaba ikabadilisha jibu lake. Mahali pa zamani ishara ikapotea, ikatokea mahali pengine kabisa. Sababu yake ilikuwa imeelezwa tangu miaka ya 1930 na Mfaransa Louis Néel, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1970. Ndani ya vitu vya namna hiyo, baridi ikifika kiasi fulani, sumaku ndogo zinajipanga kwa kupingana: mmoja juu, jirani yake chini, mmoja juu, jirani yake chini. Ni kama makundi mawili yanayovuta kamba yenye nguvu sawa. Wewe wa nje unaona kamba imetulia, unafikiri hakuna kazi, kumbe kila mkono umekaza. Ukiweka kitu kama hicho karibu na msumari, hakivuti. Lakini wimbi la radio linaingia kati ya wavutaji na kuhisi jinsi walivyokaza.

Mashini ya namna hii imefika hata karibu nasi. Katanda, kwenye mto Semliki, si mbali na mahali unapotoka katika ziwa Edward, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ncha za mifupa zilizochongwa meno kama chusa cha kuvulia samaki. Hakuna aliyejua umri wake. Wakachukua meno ya kiboko yaliyokuwa katika udongo uleule na kuyapima kwa mrindimo wa elektroni. Udongo una mionzi kidogo, na kila mwaka mionzi hiyo inafungia elektroni chache ndani ya jino; ukihesabu zilizofungiwa, unapata miaka. Jibu lilitangazwa mwaka 1995: karibu miaka 90,000. Watu walikuwa wakichonga mifupa na kuvua samaki katika Kivu yetu wakati ambapo wataalamu wengi walidhani ufundi huo ulianza nyuma sana ya hapo, tena Ulaya.

Kitu kigumu zaidi kilichobaki ni oksidi ya shaba. Munaijua: ni ile rangi nyeusi inayoshika waya wa shaba ukiunguzwa motoni. Nayo, ikipoa chini ya digrii 43 hivi chini ya zero, ni ya kuvuta kamba. Mwaka 1986, katika laboratuari ya IBM karibu na Zurich, Georg Bednorz na Alex Müller walikuta kwamba oksidi za shaba zilizochanganywa na madini mengine zinaweza kupitisha umeme bila kupoteza hata kidogo, kwa baridi isiyo kali sana kama ile iliyohitajiwa mbele yake. Walipata Nobel mwaka uliofuata. Müller alikuwa ametumia miaka yake mingi katika kazi ya mrindimo wa elektroni, ile ya Zavoisky. Basi ilikuwa kawaida aulize oksidi hizo kwa mawimbi ya radio. Hazikujibu. Shaba, iliyojibu Kazan mwaka 1944 kwa radio ya kujijengea, hapa ilinyamaza kabisa, juu sumaku zake zimekazana mno na ishara inatawanyika mbele ya kuonekana.

Müller akashirikiana na Boris Kochelaev, mwalimu wa chuo kikuu kilekile cha Kazan. Njia waliyoshika ni ya mtu anayemtuma mjumbe mahali ambapo mwenyewe haingii. Ndani ya oksidi ya shaba iliwekwa manganezi kidogo sana, madini ambayo kwetu yanapatikana Kisenge, kule Lualaba. Manganezi inajibu wimbi vizuri, na kwa kuwa imezungukwa na shaba na imefungamana nayo, jibu lake linabeba habari za jirani zake. Hivyo wakaanza kusikia shaba kwa kupitia mdomo wa mwingine. Na manganezi ndiyo ilikuwa chumvi ya pili mezani kwa Zavoisky mwaka 1944, kando ya zile za shaba.